Miguu ya Biskuti

Jumatano, Januari

Sikumwosha miguu. Biskuti, mbwa wa Bibi Joan, mzee ninayemhudumia hapa Thamesmead, ughaibuni, alikanyaga chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Bibi aliniuliza, "Umemwosha?" Nikasema ndiyo, maana basi lilikuwa linakuja.

Jioni akanipigia simu. Mbwa amelamba nyayo zake, anatapika, hawezi kusimama. Nilirudi mbio. Nyayo zilikuwa zimepasuka, nyekundu kabisa.

"Nilikudanganya, Bibi. Sikumwosha."

"Mpigie daktari kwanza," akasema.

Daktari wa mifugo amemlaza mpaka kesho. Hakutuahidi kitu.

Bibi hana mwingine pale nyumbani. Kazi wanaweza kuninyang'anya, sawa. Ila simu ya daktari asubuhi, hiyo ndiyo ninayoiogopa.