Miguu Ambayo Sikuitazama

Mpendwa Papa,

Nakuandikia kutoka chumba kimoja huku Ohio, ambako sina hata jirani wa kumpigia hodi. Niliacha kazi ya uuguzi kule Louisville, sasa nasomea udaktari wa miguu. Najua ungecheka: mtu mzima, mwenye kazi nzuri, anarudi kukaa darasani na vijana kwa ajili ya kucha na visigino vya watu. Mama hacheki. Tangu tulipokuzika anaishi Buffalo kwa kaka, na kila wiki ananiuliza nitarudi lini kwenye kazi ya maana.

Sijamwambia sababu. Bora nikuambie wewe.

Unakumbuka nyumba yetu ya Newburg, palepale Louisville? Ulikuwa unarudi kutoka kazi ya maboksi, unaacha viatu mlangoni, soksi unabaki nazo mpaka chumbani. Kwetu Kivu binti haangalii miguu ya baba yake, sembuse kumvua soksi. Nami nilikuwa nimeshinda hospitalini nikiwavua soksi wagonjwa wa sukari, maana tulifundishwa tusiamini neno la mgonjwa mpaka tuone wenyewe. Halafu nakuja kuketi karibu na wewe, mwenye sukari hiyohiyo, nakuuliza miguu iko namna gani.

"Iko bien, haina neno, mtoto wangu," unanijibu. "Bon, leta chai."

Nami naleta chai. Siku Mama aliposikia harufu, kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani. Walikukata mguu, na hukurudi nyumbani. Kanisani walinisifu kuwa nilikutunza vizuri, na sifa hizo zinaniuma mpaka leo.

Jumapili naendesha gari kwa muda wa saa mbili mpaka Columbus nikasikie ibada ya Kiswahili, kisha narudi peke yangu. Nimechoka, Papa. Juzi ilibaki kidogo tu nimwambie Mama narudi kwenye uuguzi.

Lakini jana kliniki waliniletea mzee mmoja wa kwetu Kivu. Aliposikia namwita Papa, akaficha miguu chini ya kiti. Nikapiga magoti, nikamwomba, nikamwomba tena, mpaka akasema, "Donc, fanya." Akageuza uso ukutani. Kati ya vidole kulikuwa na kidonda kidogo, cha kupona. Hakunisemesha tena, hata kuniaga hakuniaga.

Kama ningekuvua soksi, nawe ungeninunia hivyohivyo. Leo hii ungekuwa hai, umeninunia.

Pumzika, Papa.

Ni mimi, binti yako aliyekuheshimu mno.