Kiwanja Nilichokisahau

Kavira mjukuu wangu,

Butembo tunakusalimu sote. Mjomba wako ameezeka nyumba yake kule Beni, nami miguu imeanza kunikataa. Wewe unayesomea ujenzi wa miji unaniuliza ni nini kinachofanya watu wapende mtaa. Nitajibu kwa kuungama, ningali na pumzi.

Ule uwanja mbele ya nyumba yetu, ambao watu wananisifu kwa kuuacha wazi, ulikuwa kosa. Nilipotumwa ujanani kuupima mtaa huu, nilisahau kuchora kiwanja kimoja. Mkubwa wangu akaweka kidole pale peupe kwenye ramani.

"Na hapa ni pa nani?"

Nikaona kazi yangu inaondoka, nikabuni pumziko la watu. "Pa batu kupumzika, chef."

"Batu ba Butembo banapumzikaka?" Akacheka, maana mji wetu unajulikana kwa kuchapa kazi bila kupumzika, akatia sahihi.

Kesho yake nilikwenda na vigingi kulirekebisha kosa kimyakimya. Nikakuta msichana ameanika maharagwe pale pote.

"Toa hayo!"

"Kwani hapa ni pa nani?"

Nikarudia uongo wangu wa jana. "Pa batu kupumzika."

"Basi kaa, papa, upumzike."

Nikakaa. Msichana huyo ni nyanya yako.

Ukichora mitaa yako, mama, sahau kidogo.

Babu yako