Ngazi ya Dari

Gerezani, Dar es Salaam
12 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini wewe na Mama mmeamka salama. Mimi sijambo, ila vumbi la pumba limehamia kooni. Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu vimegombana tangu mwaka juzi, na kondakta wa basi la Rombo amekubali kubeba barua.

Mzee Suud, mwenye duka la chakula cha kuku la mtaa huu wa Gerezani ninakofanya kazi, amemwondoa mtunza ghala. Masika iliyopita magunia yaliota ukungu, wafugaji wa Buguruni wakaja dukani kulilia vifaranga vyao vilivyokufa. Nimeomba ghala nilishike mimi. Amenipa masika hii moja tu. Likitoka gunia bovu, narudi kufagia.

Wewe hukuniruhusu kupanda ngazi ya dari ya mahindi hata siku moja. Ulisema akiba ya nyumba haishikwi na msichana. Kaka Ansbert alipanda, mimi nikashika ngazi chini. Nifundishe sasa, Baba.

Mwanao,
Mektilda

Mashati, Rombo
2 Aprili 2024

Mwanangu Mektilda,

Marahaba. Sisi wazima, mvua tu ndiyo haitaki kuondoka. Mama yako anakushukuru kwa lile jiko la gesi la Krismasi. Kuni amezisahau, macho yamepona, na kila jirani ameshaitwa kuja kuona jiko lisilo na moshi.

Dari yangu ina miaka arobaini na haijaoza punje, Mashati nzima inajua. Gunia lisilale sakafuni. Lisiegemee ukuta, acha nafasi ya mtu kupita. Lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Wala usiliamini kwa kulitazama. Tia mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukikuta joto, gunia hilo ni gonjwa.

Ila sikufichi, kazi hiyo ni ya wanaume. Ukishindwa usione haya kurudi kwenye ufagio.

Baba yako,
Pantaleo

Gerezani
9 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, nawe nakuombea hivyo hivyo. Nimefuata kila neno, ukiacha la ufagio. Mafundi wa hapa Gerezani wamenigongea fremu za mbao, magunia yote yamepanda juu yake. Dagaa na mashudu nimeyatia kwenye mapipa yenye mifuniko, panya wanapita wakisononeka.

Lakini barua yako imeninyima raha. Mama hajawasha kuni tangu Krismasi, na dari iko juu ya jiko lile la kuni. Baba, si ule moto na moshi wake ndio uliokuwa ukikausha mahindi miaka yote? Gesi nimeleta mimi, kosa likiwepo ni langu. Panda utie mkono mpaka kwenye kiwiko, hasa mahindi ya kuku.

Mwanao,
Mektilda

Gerezani
3 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko? Karibu miezi miwili sijapata jibu. Mama kwenye simu anasema upo, unapalilia migomba, halafu anabadilisha mazungumzo. Kama nilikukosea adabu, nisamehe.

Masika imekwisha. Katikati yake lilikuja lori na magunia ya pumba, nikatia mkono, nikakuta unyevu. Nikayarudisha yote. Dereva alifoka kwamba hajawahi kufundishwa kazi na mwanamke, na lori likaondoka na mzigo wake. Jana Mzee Suud alikagua ghala gunia kwa gunia. Hakupata ukungu wala fukuzi. Akanikabidhi funguo mbele ya duka zima, akasema, "Kuanzia leo hata mimi nikitaka kuingiza gunia humu, nitakuomba ruhusa."

Nililia kidogo, nyuma ya magunia. Nilitaka uwepo.

Mwanao,
Mektilda

Mashati
21 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hukunikosea. Mimi ndiye niliyenyamaza.

Barua yako ya Aprili ilinikasirisha. Nilisema nitafundishwaje dari yangu na mtoto niliyemkataza ngazi. Nikakaa wiki mbili bila kupanda, nikiendelea kuwapa kuku mahindi yale yale niliyokwisha kuyateremsha. Wakafa tisa, pamoja na yule jogoo wa mama yako. Ndipo nikapanda. Niliingiza mkono, mahindi yalikuwa na joto, na yalishikana kama ugali uliolala. Nimeyafukia yote shambani. Sikuwa na uso wa kukuandikia.

Jiko halina kosa. Kosa ni la mtu aliyesifiwa miaka arobaini kwa kazi iliyokuwa ikifanywa na moto wa mkewe, naye asijue.

Juzi baada ya misa nilisimama nikawaambia wenzangu kwamba Dar es Salaam kuna ghala lililovuka masika bila gunia kuoza, na anayelishika ni Mektilda wangu. Nimelisema mara mbili, kwa sababu sikusikia kama walinijibu.

Mavuno ni Agosti. Niandikie namna ya kuyatunza bila moshi, nitafuata kila neno. Desemba ukija nyumbani utayakagua mwenyewe. Kidato cha tatu cha ngazi kilikuwa kimelegea, nimekibadilisha. Wewe utapanda, mimi nitaishika chini.

Baba yako,
Pantaleo