Nje ya Mlango wa Chumba cha Uzazi

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua, na kwamba dawa za presha unazimeza hata siku unazojisikia mzima. Sisi hatujambo. Mwanao bado anapanda minara ya simu huko mbali, anarudi nyumbani kila Jumamosi ya pili. Kidoti ametimiza miaka minne na anauliza kila kitu, hata kwa nini ukuta haulali. Mimba ina miezi sita na nusu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukianza kuongea mimi huitikia tu, kisha nakata na kujiuliza nimeitikia nini. Mwanao ameniambia umeshapanga kuja Aprili, na umeshazungumza na sista mkuu wa hospitali ya huku, aliyekuwa mwanafunzi wako, ili uingie nami chumba cha kujifungulia kama siku ya Kidoti.

Mama, sitaki uingie.

Naomba usome mpaka mwisho. Nilipokuja kujifungulia kwenu, wewe ndiye uliyekuwa mkunga msimamizi wa zamu. Nilikuwa nimelala chali, miguu imefungwa kwenye vyuma. Ukachukua mkasi. Nikasema, "Subirini kidogo, mnataka kufanya nini?" Ukamwambia msaidizi wako, "Huyu hajui anachosema, mshike miguu." Nikakatwa kuongezwa njia bila kuulizwa, na ganzi ilikuwa haijashika. Wiki sita nilikuwa nakalia upande mmoja. Ulinipikia supu, ulinikanda maji ya moto, sijasahau hata kimoja. Lakini habari ya mkasi hatujawahi kuitaja.

Kliniki ya huku wanatupa fomu tuijaze mapema: nani akae nawe, unataka kujifungua umelala, umechuchumaa au umepiga magoti, na likitokea jambo aulizwe nani. Kwenye mstari wa kwanza nimemwandika jirani yangu Msusi. Amezaa wanne na anajua kunyamaza. Kwenye mstari wa mwisho nimejiandika mimi.

Kwa heshima,
Mkweo


19 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Presha ilikuwa sawa mpaka barua yako ilipofika.

Nimefanya ukunga miaka thelathini na moja. Wazazi wawili tu wamenifia, na hadi leo naweza kukuonyesha vitanda vyao. Siku ya Kidoti mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka hadi themanini. Ya kawaida ni kuanzia mia na kumi. Mtoto akifika hapo huitishi kikao. Ulitaka nikuulize, ufikirie, kisha umpigie simu mumeo mnarani? Leo ungekuwa unakaa vizuri sana kwenye kiti, na nyumbani hamna wa kukuuliza habari za ukuta.

Huyo Msusi nasikia ni fundi hodari. Damu ikitoka ataizuia kwa kitana?

Fanya utakavyo. Mwili ni wako.

Mama wa mumeo


26 Februari

Mama,

Shikamoo. Hukuniuliza hali, lakini sijambo. Ni miguu tu, inavimba jioni.

Habari ya kitana nimemsomea Msusi, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema nikwambie atakuja na mashine ya kukaushia nywele pia, kwa usalama zaidi.

Habari ya mapigo haikunichekesha. Mkunga wa huku aliomba nakala ya faili langu kutoka kwenu, na imefika. Tumeisoma pamoja mstari kwa mstari. Mapigo ya mtoto saa nane mchana, 136. Saa nane na nusu, 140. Saa tisa kasoro kumi, dakika tano kabla ya mkasi, 138. Themanini haipo popote. Kuna sehemu ya kujaza sababu ya kuongeza njia. Imejazwa maneno matatu: "Mzazi wa kwanza." Mwandiko ni wako, mama, huu huu wa kwenye bahasha.

Sishindani nawe. Nataka tu usiniambie tena kwamba nilikatwa ili mwanangu aokoke, maana miaka minne nimekuwa nikijilazimisha kushukuru.

Mkweo


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki ya nne hii. Simu yako inaita haipokewi, na mwanao anasema hata yeye unamjibu neno moja moja. Jirani yako amenihakikishia kwamba unatoka na kurudi, kwa hiyo najua u mzima. Kidoti aliuliza kama bibi amepotea. Nikamwambia bibi anafikiri. Akauliza kwani kufikiri kunachukua siku ngapi.

Mtoto amegeuka, kichwa kiko chini. Fomu sijaibadilisha.

Mkweo


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ikivimba jioni iinue juu ya mto. Ukiona na uso umevimba, au kichwa kinauma, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Hili nilipaswa kukuandikia mwezi uliopita.

Nilikwenda hospitali kuomba nilione faili lenyewe, nikiamini wamekosea kunakili. Hawakukosea. Nikaenda kwa mwenzangu tuliyekuwa tukishika zamu pamoja, naye amestaafu, anafuga kuku. Nikamuuliza, "Yule mtoto aliyeshuka hadi themanini si alikuwa wa mkwe wangu?"

Akasema, "Dada, yule alikuwa wa mwalimu mmoja wa shule, kitanda cha tatu, wiki hiyo hiyo. Mkweo mambo yake yalikwenda vizuri."

"Sasa kwa nini nilimkata?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini tunavaa viatu. "Si alikuwa wa kwanza? Wa kwanza tuliwakata wote."

Ni kweli. Nilifundishwa hivyo na nikawafundisha wengine hivyo hivyo. Sikukudanganya kwa makusudi. Nilikumbuka kile kilichonifaa, na nimekaa miaka minne na mapigo ya mtoto wa mwanamke mwingine. Maneno uliyoyasikia niliyasema. Nayakumbuka kwa sababu niliyasema karibu kila siku. Ulijua ulichokuwa unasema. Uliuliza swali, na mimi sikulijibu.

Nilikosea. Sitaki unijibu chochote juu ya hilo.

Nitakuja tarehe 20 kumwangalia Kidoti. Siku yenyewe nitakaa nje. Mwambie Msusi akukandamize kiuno kwa kiganja, chini kabisa, uchungu unapopanda, na aache unaposhuka. Akupe maji kidogo kidogo. Asikwambie "jikaze". Neno hilo nimelisema kuliko salamu, na halijazaa mtoto hata mmoja.

Mama


27 Aprili, saa tatu asubuhi

Mama,

Shikamoo. Simu tumeziacha mapokezi, kwa hiyo mimi nasema, Msusi anaandika na kukuletea vikaratasi hapo kwenye benchi. Nimefunguka sentimita nne. Natembea, napumzika, natembea. Mwanao yuko njiani, atafika jioni. Umekula?

Mkweo


Saa tatu na robo

Marahaba. Nimekula. Kidoti yuko na mabinti wa Msusi, wanamsuka. Usipoteze pumzi kuniandikia.

Mama


Saa saba mchana

Mama,

Nina sentimita sita tangu saa tano, haiendi mbele. Daktari anasema afadhali nipasuliwe sasa. Mkunga anasema mimi na mtoto hatuna tatizo, tunaweza kungoja saa mbili zaidi. Wote wawili wananitazama. Nimechoka, siwezi kufikiri. Wewe unajua. Sema neno moja tu, nitalifanya.

Mkweo


Saa saba na dakika tano

Sikuamulii. Waulize haya. Mapigo ya mtoto ni mangapi sasa hivi, na wakuwekee chombo uyasikie mwenyewe. Maji yanayotoka yana rangi gani. Mkingoja, watakuwa wanapima nini, kila baada ya muda gani, na wakiona nini wataacha kungoja. Ukishajibiwa, chagua. Daktari si mjinga, mkunga naye si mjinga, na wewe hutakuwa mjinga kwa lolote utakalochagua.

Mama


Saa saba na dakika kumi

Anasema (mimi Msusi naandika kama alivyosema, shikamoo mama): Siku nisiyokutaka uliniamulia, leo nakuomba unakataa. Ndiyo adhabu yangu?


Saa saba na dakika kumi na mbili

Mwambie hapana. Mwambie niko mita sita kutoka kitandani kwake na siondoki. Mwambie mimi nina goti tu huku, uchungu anao yeye. Ameuliza maswali?

Mama


Saa saba na nusu

Nimeuliza. Mapigo 142, nimeyasikia. Maji ni meupe. Watanipima kila nusu saa. Mapigo yakishuka au maji yakibadilika rangi, hatungoji hata dakika. Nimechagua kungoja hadi saa tisa na nusu. Nimepiga magoti nimeegemea kitanda. Daktari ameguna, lakini ameandika.

Mkweo


Saa tisa na nusu

Mama,

Sentimita sita na nusu. Mapigo 146, mtoto hana shida. Mkunga anasema tunaweza kuendelea mpaka saa kumi na moja nikitaka. Nimemwambia sitaki. Nimejaribu nilivyotaka kujaribu, imetosha. Wananichoma sindano ya mgongo, nitakuwa macho. Nimesaini mwenyewe. Msusi anaingia nami.

Mkweo


Saa tisa na dakika thelathini na tatu

Sawa. Sindano ya mgongo inaleta baridi na kutetemeka. Ni kawaida, usiogope. Nenda.

Mama


8 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na basi halikukutesa goti. Tangu uondoke nyumba imekuwa kimya, ukiacha watu wawili wanaopiga kelele kwa zamu. Mdogo ana kilo tano na robo. Kidonda kimekauka. Nakaa vizuri kwenye kiti, pande zote.

Kile kikaratasi cha saa saba, uliponikatalia, nilikuchukia. Nimelifikiria hilo sana nikinyonyesha. Nilitaka mtu aniamulie ili mambo yakiharibika liwe kosa lake. Nilitaka uwe yule yule wa miaka minne iliyopita kwa dakika moja tu, kisha urudi nje.

Jana Msusi aliniambia jambo ambalo wewe hukunieleza mwezi mzima uliokaa hapa. Kwamba niliposukumwa kuingizwa chumba cha upasuaji ulitufuata mpaka mlangoni, na sista mkuu akakwambia, "Mwalimu, vaa gauni upite, nani wa kukuzuia?" Ukamjibu, "Mimi sijaandikwa." Anasema alipotoka na mtoto alikukuta umesimama pale pale, na kiti kilikuwepo.

Nimeona tu ujue kwamba nimejua.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa kilo tano na robo. Goti limenisema siku tatu baada ya basi, sasa limechoka lenyewe. Yule Msusi wako ulimsifu kwa kunyamaza, kumbe ulimsifu mapema.

Nina jambo la kukuuliza. Hospitali imeniomba niwe nawafundisha wanafunzi wa ukunga kila Jumatano. Ni kumi na wanne, wengi hawajafika miaka ishirini na mbili, wana haraka na mikono mizuri. Ningependa siku ya kwanza niwaeleze habari ya mkasi, na lile faili, na maneno yale matatu. Kitabu hawatakikumbuka. Hiyo wataikumbuka. Nisingekutaja, lakini ningesema ni mkwe wangu, maana bila hilo itakuwa hadithi ya mzee anayejisifu kwa kujilaumu.

Nauliza kabla ya kusema. Darasa la kwanza ni Jumatano ya tarehe 2 Julai.

Mama


25 Juni

Mama,

Shikamoo. Hongera kwa kazi. Hao wanafunzi hawajui kinachowangoja.

Nimeifikiria siku tano. Hapana, mama.

Mara mbili nilianza barua hii kwa kuandika ndiyo, kwa sababu najua ingewasaidia, na kwa sababu umeuliza vizuri. Mara zote mbili nikaichana. Jambo hilo lilitokea kwenye mwili wangu. Hata mama yangu mzazi sijamwambia. Siku moja huenda nitalisema, nitachagua nani wa kumwambia na nitaanzia wapi. Sasa hivi sitaki watu kumi na wanne nisiowajua wawe nalo.

Habari ya vikaratasi waeleze ukitaka. Hiyo ni yetu sote wawili.

Natumaini hutakasirika. Ukikasirika pia, jibu ni hilo hilo.

Mwanao


4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumatatu. Sijasema, na sitasema.

Jumatano niliwafundisha kunawa mikono. Ilichukua saa nzima, walidhani wanajua. Nisalimie watoto.

Mama