Tessier wawili uwanjani

Solène shoga yangu, leo nusura niumbuke.

Unajua tangu nihamie kijiji hiki wanakijiji wameshikilia kwamba, kwa kuwa jina langu ni Tessier, lazima niwe mjukuu wa Tessier wao, marehemu bingwa wa baiskeli. Nami sikukanusha. Wananipa jibini la bure kwa heshima yake, nani analikataa?

Leo meya kaniita nikate utepe wa uwanja wenye jina la bingwa. Mkasi ninao mkononi, naye anatangaza: "Na binti wa bingwa yupo."

Binti yake.

Binti mwenyewe, bibi wa miaka themanini, akanisogelea, akaninong'oneza: "Kumbe mimi shangazi yako?"

Nikakiri: "Babu yangu alikuwa fundi bomba, mama. Nisamehe."

Akacheka kwa chini: "Baba yangu alikuwa mchoraji, Tessier mwingine kabisa. Jibini lao nalila mwaka wa ishirini huu. Kata utepe."