Nilikuambia Nimeshusha

Kasese, Jumapili mchana

Fundi Kule,

Feni ya Bwera inafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe ungeuliza kazi kwanza, salamu baadaye. Nimeimaliza Alhamisi, mimi mwenyewe, katika bafu lile lile, juu ya ngazi ile ile. Madamu wa gesti alikuwa ameiweka stoo. Mguu mmoja wa ngazi bado umepinda tangu ilipoanguka na wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo. Wewe Mkonzo wa Bugoye, mimi mtoto wa askari kutoka mbali, nimezaliwa kambini, na Lhukonzo yangu inaishia kwenye salamu. Nilipokuja kwako nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikasema nataka kujifunza umeme, mafundi wenzako walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe uliuliza jambo moja tu: "Baba yako alikuwa askari?" Nikasema ndiyo. "Basi unajua kufuata amri. Kuja." Tangu siku hiyo jina langu likawa Afande. Ningekuwa kweli najua kufuata amri, ungekuwa hai.

Hiyo ndiyo barua yenyewe, Fundi. Mengine yote ni maelezo.

Unakumbuka ugonjwa wetu mafundi wa huku. Hakuna mwenye nyumba anayependa umzimie umeme. Ana friji, ana redio, ana simu za wageni kwenye chaja. Kwa hiyo tunangoja umeme ukatike wenyewe, kisha tunapanda ngazi mbio kabla haujarudi. Umeme ukikatika mji mzima unanung'unika, sisi tunasema kazi imefika. Wewe pia ulifanya hivyo, lakini hukuuamini. "Umeme ikienda, imeenda kutembea tu," ulikuwa unasema. "Itarudi bila kupiga hodi." Ndiyo maana hata giza likiwa nchi nzima ulinituma kwenye boksi la breka, nishushe swichi kuu ya nyumba, nisimame hapo nisiondoke, na kabla ya kugusa waya uliuliza kwa sauti.

Siku ile ya soko umeme ulikatika tukiwa tumeshafika. Bafu lilikuwa jeusi kwa ukungu darini, rangi inabanduka, kwa sababu feni ilikuwa inazimika pamoja na taa na kuacha mvuke wote ndani. Ulimweleza Madamu kwamba tukiitia taima itabaki inazunguka dakika kumi na tano baada ya mgeni kutoka. Ulimweleza pia hatari yake: taima inataka waya wake wa moto usiopita kwenye swichi ya taa, kwa hiyo hata taa ikizimwa, huko juu moto uko. Nilikuwa nimesimama pale. Nililisikia hilo kwa masikio yangu haya.

Ukapanda. Ukaita, "Afande, umeshusha?"

Nikajibu, "Nimeshusha."

Nilikuwa barazani, Fundi. Nina kikombe cha chai mkononi, miguu juani, natazama akina mama wa Kongo wakipita na mizigo yao ya vitenge. Nilijiambia umeme wenyewe haupo, nishushe nini? Ni uvivu tu. Nimetafuta neno jingine kwa miezi kumi na minne, sijalipata.

Ulipima. Najua ulipima, testa ilikutwa mfukoni mwa shati lako. Testa haikusema uongo. Ilisema hakuna moto, na wakati ule kweli haukuwepo. Mwongo nilikuwa mimi.

Kisha Kambale, yule mlinzi aliyetuchemshia ile chai, akawasha jenereta. Wageni walikuwa na simu zao, wamemsumbua asubuhi nzima. Jenereta ilikohoa mara mbili kabla ya kukamata. Nilizisikia zote mbili. Boksi la breka lilikuwa hatua sita kutoka nilipokaa, na mimi nikaweka kikombe chini taratibu, nisiimwage chai. Halafu nikasikia ngazi.

Kuna jambo hulijui, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka. Nilikimbilia boksi kwanza, nikaishusha breka. Hilo lilikuwa sawa, hata wewe ungeniambia nianze hapo. Lakini polisi walipofika wakaikuta chini, wakaniuliza kama ilikuwa chini tangu mwanzo, nikaitikia kwa kichwa. Waliojua kidogo wakawaeleza wengine kwamba umeme wa jenereta una njia yake, haupiti kwenye breka. Mimi niliyejua kwamba unapita pale pale kwenye breka, niliyefundishwa na wewe kuchora njia ile kwenye vumbi kwa kijiti, nikanyamaza.

Na mazikoni ndipo nilipokuua mara ya pili. Unajua desturi, lazima mtu asimame aeleze marehemu alikufaje. Mkeo, Mama Biira, alisema, "Huyu ndo alikuwa naye, yeye aseme." Nikasimama kando ya kaburi lako, mibuni yako nyuma yangu, watu wananisikiliza. Nikasema mlinzi aliwasha jenereta bila kuuliza. Kila neno lilikuwa kweli. Watu wakaguna, na mimi nikakaa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, Fundi, imepita kila nyumba niliyofanya kazi tangu ufe.

Mwezi uliopita Madamu alinipigia. Hakuna fundi wa Bwera aliyekubali kuligusa lile bafu, amelifunga, na wageni wanalikwepa hadi ukuta wake. "Ile tundu kwa dari inaniangalia," alisema. "Kuja umalize kazi ya mwalimu wako." Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwuliza habari za Kambale, sijui kwa nini. Akasema alimfukuza jioni ile ile ulipozikwa, kwa sababu vijana waliotoka mazikoni walifika na fimbo. Walimpiga wakamvunja mkono. Akavuka mpaka kwenda Kongo, akaacha kila kitu chake, hata redio yake ndogo. Iko stoo, karibu na ngazi yako.

Basi nikaenda.

Nilifika asubuhi nikakuta umeme umekatika. Ungeniona ungecheka. Madamu akasema, "Bahati yako, panda haraka!" Nikaketi barazani, mahali pale pale, nikangoja umeme urudi. Nilitaka kuuzima kwa mkono wangu. Nilikaa saa tatu. Madamu alidhani nimerukwa na akili.

Umeme uliporudi, nilishusha breka. Nikatia kufuli yangu, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikaufunga mlango wa jenereta na ufunguo wake nikauweka mfukoni. Nikabandika karatasi: MUTU IKO KWA UMEME, USIWASHE. Nikaijaribu testa kwenye soketi ya nyumba ya jirani yenye moto, nikapima nyaya zote tatu za feni, nikarudi kwa jirani kuijaribu tena nione haijafa katikati. Taima nimeiweka mbali na maji, si juu ya bomba la kuogea. Na nje ya bafu, juu ya mlango, nimeweka swichi inayokata nyaya zote tatu kwa pamoja, ili fundi atakayekuja kuisafisha feni asimtegemee mtu aliyekaa barazani.

Nilipomaliza niliwasha taa, nikazima. Feni ikaendelea kuzunguka gizani. Nilisimama humo dakika zote kumi na tano, nikalia kama mtoto, mpaka ikanyamaza.

Kutoka hapo sikurudi nyumbani. Ijumaa nilikwenda Bugoye. Mama Biira alikuwa anachambua maharagwe. Amepungua mwili, Fundi, na paa la jikoni linavuja upande wa mtoni. Nikapiga magoti nikamwambia yote, hadi habari ya chai. Hakuacha kuchambua. Alimaliza ungo mzima ndipo akasema, "Ile mutu ya jenereta nimelaani jina yake kila siku ya maombi. Sasa hiyo laana niiweke wapi?"

Nikasema nisamehe, Mama. Akaingia ndani, akarudi na begi lako la vifaa, lile alilokataa kumpa mtu yeyote. Nilidhani ananipa. Aliliweka nyuma yake, akakalia kigoda, akasema, "Usirudi hapa mpaka umemuleta ile mutu."

Jumanne ni soko, navuka mpaka pamoja na wafanyabiashara. Wananiambia kuna mlinzi mwenye mkono uliopinda huko Kasindi, kwenye ghala la samaki. Huenda si yeye. Huenda ni yeye na akanifukuza kwa fimbo, na nitakuwa nimestahili. Nimebeba redio yake. Nimeitia betri mpya, inaimba vizuri.

Lala, mwalimu wangu. Sikuombi msamaha leo. Huwezi kunijibu, na itakuwa ni kukudanganya tena. Nakuahidi hili tu. Nitamtafuta Kambale nimfikishe Bugoye, na Mama Biira atawaita wote waliokuja kukuzika. Nitasimama pale pale kando ya kaburi, Kambale akiwa mbele yangu, nianze upya: Fundi Kule aliniuliza kama nimeshusha. Nikamwambia nimeshusha. Sikuwa nimeshusha.

Ni mimi,
Afande