Wafu Waliokuwa Wanakwenda Mnadani

Jumatatu, 8 Julai

Basi ile kanda ya video ya wafu nimeiweka juu ya kabati, jua lisiifikie. Mama Salma, jirani, kaikuta kwenye masanduku ya marehemu kaka yake, aliyekuwa na banda la video hapahapa Chang'ombe. Anayeandika ni Pendo, mwanangu. Mimi shule sikuiona. Andika nilivyosema, Pendo, usirembe.

Baba yake Pendo, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa anatia maneno ya Kiswahili kwenye kanda za banda lile. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Anaangalia picha, anasema. Kwenye hii, wafu wametoka makaburini na suti zao, kila mmoja kabeba kiti. Wamekaa barabarani. Basi linakuja, dereva mbuzi. Yeye akasema wanakwenda mnadani. Watu waliamini. Hata mimi.

Upepo leo umenijazia mchanga kwenye unga.

Jumatano, 10 Julai

Mashine ya kuchezea kanda hatuna. Pendo kaipata sinema ileile kwenye simu. Tumeangalia. Mbuzi yupo, viti vipo. Maneno ya Wazungu. Pendo anasoma yaliyoandikwa chini ya picha, ananiambia hakuna mnada, wamepewa dawa mbaya, wanakwenda kula watu. Nimekasirika. Nikamwambia zima.

Sinema sikuitaka mimi. Sura ya mume wangu ninayo ukutani. Sauti yake imenitoka kichwani. Nikiitafuta inakuja ya mtu mwingine. Sijawahi kumwambia mtu. Pendo, andika tu, usiniangalie.

Ijumaa, 12 Julai

Fundi wa Makole anayo mashine. Tumekwenda. Kasema kanda imekauka, inaweza kukatika hata kabla haijatoa neno. Akaniuliza, "Bibi, tujaribu au tuache?"

Nikaichukua. Nimerudi nayo nimeifunga kwenye khanga. Mlenda umenishinda kula, na mimi mlenda haujawahi kunishinda. Naogopa. Ikikatika nitakuwa nimemzika mara mbili.

Jumapili, 14 Julai

Jana tulirudi. Nikamwambia fundi ajaribu.

Picha hakuna, chenga tupu. Sauti ikaja. Nyembamba. Kumbe ilikuwa nyembamba. Anakohoa, anawaita wafu kwa majina ya wajomba zake, wapande haraka, ng'ombe wazuri watachukuliwa. Nikacheka mpaka fundi akaniletea kiti.

Kanda hizo alikuwa anazitilia maneno nyumbani, chumbani kwetu. Mara nasikia mwanamke kwa mbali anamwita aje kula, chakula kinapoa. Mkali huyo. Nikamshangaa. Ni mimi.

Na yeye, hukohuko kati ya wafu wake, akajibu, "Nakuja, mke wangu. Ngoja nimpandishe huyu wa mwisho."

Hapo ikakatika.

Fundi akaniomba radhi. Hana kosa. Anasema ataiunga, nimemwambia asijitese, afanye akipata nafasi. Pendo alinishika mkono njia nzima, kama mimi ndiye mtoto. Nikamwacha anishike.

Leo nimekula vizuri. Nimefua. Nimekaa hapa uani, nguo zinakauka, na mimi...

Mama Salma ananiita mlangoni, twende kusaga kabla mashineni hapajajaa watu. Haya Pendo, nipe hilo debe.